Safu ya Msindikizaji

Jumamosi moja ya Februari, baada ya chakula cha mchana, jirani yetu Nkatha aliteremka kwenye chumba cha chini cha kanisa lao la Wakenya kule Champlin, huku ughaibuni, kuchapisha ratiba ya ibada. Yeye ndiye karani. Baba yake, mzee Harrison, ni muuguzi katika nyumba ya wazee huko Burnsville.

Kanisa lina kompyuta mbili. Ya ofisini juu ni mpya. Ya chini ni kuukuu, na programu yake ni toleo la zamani sana, lakini ndiyo pekee inayoelewana na printa. Zote hufungua hifadhidata moja ya waumini, iliyoanzishwa na Mama Atieno, karani aliyemtangulia Nkatha. Ili ile ya chini iweze kuisoma, iliachwa katika muundo wa zamani.

Ndani yake kuna safu ya Msindikizaji. Muumini akifia huku, mwili hauachwi urudi Kenya peke yake. Mtu mmoja hupanda ndege ileile, na jina lake huandikwa hapo. Mama Atieno aliandika majina kumi na moja kwa mkono wake. Alipofariki yeye mwenyewe, mwezi wa Novemba, Harrison aliahidi kumsindikiza. Siku ya safari akapigiwa simu kwamba shifti haina mtu, akaenda kazini. Mama Atieno akasafiri peke yake. Safu yake ikabaki tupu.

Jumamosi hiyo, Nkatha alipofungua hifadhidata kwenye kompyuta ya chini ili kupata majina ya ratiba, safu hiyo haikuwa tupu. Iliandikwa Harrison.

Nkatha akapanda ofisini. Kwenye kompyuta mpya, safu ilikuwa tupu. Akateremka. Harrison. Akafuta, akahifadhi, akafungua tena. Harrison, na pembeni yake tarehe ya safari.

Ilikuwa ya siku hiyohiyo.

Akampigia Alvin, fundi wao wa kompyuta. Alvin akacheka. “Hiyo mashine ni nyanya yako, karani. Matoleo mawili yakishika faili moja, lazima yatagombana. Ipeleke hifadhidata kwenye toleo jipya, na huyo nyanya hataifungua tena.” Akamwonya tu aifunge kwanza kote.

Nkatha akazima kompyuta ya chini. Akapanda, akabonyeza. Kioo kikamjibu: haiwezekani, faili linatumiwa na Atieno.

Akateremka mbio. Mashine ilikuwa imezimwa. Akachomoa waya ukutani, akauacha sakafuni, akarudi juu. Mara hii ilikubali. Mstari wa kijani ukatambaa polepole mpaka mwisho. Nkatha akashusha pumzi, akafungua ukurasa wa Mama Atieno.

Harrison.

Alikuwa amelihamisha jina hilo pamoja na vingine vyote. Akajaribu kufuta, herufi hazikutikisika. Akajaribu kurudisha toleo la zamani. Toleo jipya halirudi nyuma.

Akampigia baba yake.

“Baba, uko wapi?”

“Nimetoka kazini mapema, mami.” Harrison alikuwa akinong'ona. Nyuma yake sauti ya mwanamke ilikuwa ikiwaita abiria wapande ndege. “Kuna mtu alikuwa ananingoja.”

“Nani? Baba, usiende. Nakuja.”

“Ongea polepole. Amelala.”

Simu ikakatika. Akapiga tena. Tena. Tena.

Gari la Harrison lilipatikana uwanja wa ndege, limefungwa. Sare yake ya kazi ilikuwa imekunjwa vizuri kwenye kiti. Watu wa shirika la ndege walisema hakuna abiria wa jina hilo aliyepanda. Polisi waliuliza maswali wakaandika, kisha wakaacha kuuliza.

Jumatatu Nkatha aliteremka kule chini. Waya wa kompyuta ulikuwa bado sakafuni, pale alipouacha. Kwenye printa kulikuwa na karatasi moja, bado ina joto. Jina la Mama Atieno. Msindikizaji: Harrison.

Chini yake kulikuwa na safu ambayo hakuna karani aliyewahi kuiweka, na ndani yake neno moja.

Wamefika.