Malkia Alberca

Kijijini kwetu, karibu na Córdoba huko Hispania, mtu akimaliza kula haondoki mezani. Anabaki kupiga soga mpaka makombo ya mkate yanakauka. Desturi hiyo tunaiita sobremesa, na Candela, msichana wa miaka kumi na miwili, hakuipenda hata chembe. Bibi yake, Eulalia, akianza tu kusema, "Enzi za babu yako...", Candela alinyakua kipande cha tikiti na kutoweka.

Jumamosi moja walipata mgeni, Mwalimu Annelies kutoka Uholanzi. Alikuwa akiandika habari za safari yake ili awasomee wanafunzi wake.

"Mtembeze mgeni wakati natengeneza salmorejo," Bibi alimwambia Candela. "Na usimchoshe."

Walifika kwenye birika kubwa la mawe linalomwagilia bustani za kijiji.

"Kwa nini mnaliita alberca?" mgeni aliuliza.

Candela alikuwa akiogelea humo tangu utotoni, lakini hakuwahi kujiuliza. Aliona haya kukiri kwamba hajui mambo ya kwao.

"Ni jina la malkia," alijibu. "Malkia Alberca. Alizama hapa siku ya harusi yake."

"Maskini!" Mwalimu alisema, akaandika ukurasa mzima. Candela akanogewa, akaongeza na farasi mweupe.

Mchana walikula salmorejo, supu yetu baridi ya nyanya, mkate na mafuta ya zeituni. Bibi alipokwenda jikoni kuleta tikiti, mgeni alifunga daftari lake.

"Basi langu linaondoka saa kumi na nusu," alisema. "Wanafunzi wangu thelathini watalia wakisikia habari za malkia wenu."

Candela alikuwa keshafika mlangoni, kama kawaida yake. Thelathini! Bibi hakuwa amesikia kitu. Angenyamaza tu, basi lingeondoka na uongo wake, na asingejua mtu. Bibi akatokea na sinia. Candela alirudi mezani, akaketi.

"Mwalimu, nimekudanganya. Hakuna Malkia Alberca. Sikujua, nikaona haya."

Bibi alicheka mpaka vipande vya tikiti vikatikisika. "Malkia Alberca! Na mumewe nani, Mfalme Ndoo?"

Kisha akaweka sinia chini, na kicheko kikamwisha.

"Alberca ni neno la Kiarabu, mjukuu wangu. Maana yake birika, basi. Birika letu lilijengwa na Waislamu walioishi hapa karne nyingi. Hata aceite, haya mafuta, na azúcar, sukari yako, ni maneno yao. Baadaye walifukuzwa, nyumba zao zikachukuliwa na watu kama sisi. Midomoni mwetu yamebaki maneno yao. Na wewe leo ulitaka kuwanyang'anya hata hilo moja, umpe malkia ambaye hakuwahi kuzaliwa."

Candela alilia. Hakuwahi kufikiri kwamba uongo mdogo unaweza kumwibia mtu aliyekufa zamani.

Mwalimu alichukua kalamu, akachora mstari juu ya ukurasa wake. "Malkia nimemfuta. Na farasi je?"

"Farasi pia," Candela alisema huku akijifuta machozi, na wote wakacheka.

"Siku nyingine usipojua, sema sijui," Bibi alimwambia. "Haya yake ni ya dakika moja. Kisha njoo uniulize, mimi nipo hapa hapa kila siku baada ya chakula."

Candela akasogeza kiti chake karibu. "Bibi, na almohada, mto wa kulalia? Hilo nalo ni lao?"

"Lao," Bibi alisema, akamkatia tikiti. Basi la saa kumi na nusu lilipopiga honi, Candela alikuwa bado mezani.