Mzee Shigela na Swali la Nesi

Mzee Shigela anaishi Buswelu. Ni mzee wa kanisa, na ana ng'ombe wawili wa maziwa. Kila asubuhi hupanda kilima nyuma ya nyumba kukata majani, kisha huubeba mzigo kichwani. Watu wakimwambia atumie toroli, hujibu, "Toroli ni la wazee." Yeye mwenyewe ana miaka sitini na minane.

Mwaka huu kilima kilianza kumshinda. Akifika katikati, kifua kilimbana na mkono wa kushoto ukawa mzito. Akipumzika, maumivu yaliisha. Alikwenda kupimwa katika hospitali kubwa mjini. Daktari aliona kwamba mshipa mmoja unaopeleka damu kwenye moyo umekuwa mwembamba sana. Akapangiwa siku ya kuuzibua.

Mkewe, Tereza, alikuwa Nansio akimuuguza dada yake. Mwanawe, Jonathan, alikuwa safarini na lori. Basi aliyemsindikiza ni Evelina, mke wa Jonathan. Hapo ndipo shida ilipoanzia, wala si kwa ubaya wa mtu. Katika ukoo wa Shigela, kama kwa Wasukuma wengi, baba mkwe na mkamwana huheshimiana sana. Hawataniani. Mambo ya mwilini ndiyo hayatajwi kabisa.

Wodini, Nesi Hellen alivuta kiti akakaa na karatasi zake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Kesho daktari atapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa mpaka kwenye moyo. Atatanua pale palipobana, kisha ataweka kijiwavu cha chuma ili mshipa ubaki wazi. Tutakupa dawa za kuzuia damu isigande. Sasa nikuulize. Umewahi kupata choo cheusi kama lami?"

Evelina aliangalia sakafu. Mzee Shigela naye akaangalia sakafu.

"Hakuna," alisema.

"Kuna dawa za maumivu unazotumia?"

"Hakuna."

Uongo mara mbili, tena mzee wa kanisa! Kwa miezi miwili alikuwa akimeza diklofenaki kwa ajili ya magoti, asubuhi na jioni. Na wiki iliyopita choo chake kilikuwa cheusi tititi. Lakini swali moja likijibiwa, lingine lingefuata. Angetajaje choo mbele ya mke wa mwanawe? Afadhali nife, alijiambia. Hakujua kwamba kweli angeweza kufa.

Evelina hakujua habari za choo wala za vidonge. Alichojua ni kwamba baba mkwe wake hajawahi kujibu swali kwa neno moja. Hata ukimuuliza saa, atakupa na hadithi. Akamfuata nesi kwenye korido.

"Dada, yule ni baba mkwe wangu. Mimi nikiwepo hatakwambia kitu. Rudi umuulize akiwa peke yake. Nakwenda kukaa nje."

Hellen alijipiga paji la uso. "Na mimi ni Msukuma wa Magu! Nimesahauje?"

Akarudi, akavuta pazia.

"Baba, mkweo yuko nje, hasikii. Lile swali narudia tena."

Mzee alikohoa. "Kwani choo na moyo vinahusiana nini?"

"Vinahusiana sana. Damu ikigusa kile kijiwavu kipya, inataka kuganda. Ikiganda, mshipa unaziba ghafla na moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo dawa ni lazima. Lakini dawa ikishaingia, inafanya kazi mwili mzima. Kama tumboni kuna kidonda kinachovuja, na dalili yake ni choo cheusi, kitavuja zaidi, na unaweza kupoteza damu nyingi sana. Zipo dawa zenye nguvu sana, na zipo za kadiri. Daktari anachagua kwa kupima hatari zote mbili, ya kuganda na ya kuvuja. Ya kuganda anaiona kwenye vipimo. Ya kuvuja, mara nyingine unaijua wewe tu."

Mzee Shigela aliona aibu, na sasa aliogopa pia. Kisha akasema yote, choo na vidonge, na akaongeza habari za ng'ombe ambazo hakuulizwa.

Daktari Obedi alikuja, hakumgombeza. "Asante, mzee. Kesho hatufanyi. Kifua kinakubana ukipanda kilima tu, kwa hiyo tuna muda. Kikikubana umepumzika, mwite nesi mara moja."

Damu ilipopimwa, ilikuwa imepungua. Kamera ndogo iliyopitishwa mdomoni ilionyesha kidonda tumboni. Diklofenaki ikasimamishwa kwa kuwa huweza kuchubua tumbo, akapewa dawa ya kuponya kidonda. Wiki kadhaa baadaye, damu ikiwa imepanda na kidonda kimepona, mshipa ulizibuliwa. Daktari alipitia kwenye kifundo cha mkono, ambako damu ni rahisi kuizuia. Dawa ya sindano ya kuzuia kuganda aliipima kwa uzito wa mgonjwa. Kwa vidonge vya kazi hiyohiyo vya kumeza nyumbani alichagua aspirini na klopidogreli, akaacha ile yenye nguvu zaidi. Akaongeza kidonge cha kulinda tumbo.

"Usiviache hata siku moja bila kutuuliza, hata ukijisikia mzima," alisema. "Ukienda kung'oa jino, mwambie daktari wa meno unachotumia. Choo kikiwa cheusi tena, njoo siku hiyohiyo."

"Na magoti yangu?"

"Parasetamoli, kwa kipimo nitakachokuandikia. Na toroli."

Mzee aliguna, lakini alilinunua.

Mwezi mmoja baadaye alirudi kliniki na Evelina. Sasa alikuwa akipanda kilima bila kusimama, na uso wake uling'aa. Nesi Hellen alifungua faili, akachukua kalamu. Kabla hajafungua mdomo, Mzee Shigela aliinua mkono.

"Subiri, nesi. Evelina, mama, hebu toka kidogo. Hapa kuna swali linakuja, na leo nataka kulijibu vizuri."