Jiliwa Lililobaki Mezani

Jiliwa, kile chuma cha kubania, lilikuwa mezani, tupu. Parafujo zake nne zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa kwa mstari. Betri iliyobanwa humo tangu asubuhi haikuwapo.

Inspekta hakugusa kitu. Alimwachia nafasi mpiga picha wa polisi, akaketi kwenye stuli.

"Imeibwa saa saba, watu walipokwenda kula," alisema mhandisi mkuu, ambaye karakana nzima ilimwita Profesa. "Saa kumi wanunuzi wanakuja kuiona ikiendesha pikipiki. Afande, hiyo ni betri yabisi. Haina majimaji ndani, haiwaki ovyo. Unachaji dakika kumi, unatembelea siku nzima. Miaka michache ijayo kila mtu atataka chombo chenye betri kama hiyo. Washindani wangu wamemtuma mtu."

"Pengine," alisema Inspekta. "Parafujo hizi hufunguliwaje?"

"Nusu mzunguko kila moja, kwa kupishana. Ukiharakisha, betri inapasuka."

"Kwa hiyo mwizi ni wa humu humu."

Profesa alimtupia jicho fundi wa vipimo, mwanamke wa makamo aliyesimama mlangoni, mikono ndani ya koti.

"Bila jiliwa inafanya kazi?"

"Haifanyi. Lazima ibanwe."

"Basi mwizi anajua kuifungua, lakini hana haja nayo. Wa kuiuza angebeba vyote viwili."

Mlinzi wa lango aliapa kwamba hakuna aliyetoka na hata mfuko. "Nakagua mpaka vyombo vya chakula, afande. Wananiita Pua."

Kama haikutoka, imo. Inspekta akazunguka polepole. Kwenye ujia kulikuwa na ndoo tatu za mchanga wa kuzimia moto. Mbili zilikuwa na vumbi juu. Ya tatu ilikuwa imesawazishwa upya. Akavaa glavu, akachimbua. Betri ilikuwa humo, imefungwa ndani ya plastiki.

"Pikipiki angeiendesha nani?" aliuliza aliporudi.

"Dereva wetu wa majaribio," alisema Profesa. "Ni mdogo wake huyu fundi."

Inspekta akamgeukia fundi wa vipimo. "Mama, mchana ulikula na nani?"

Mwanamke aliizamisha mikono zaidi ndani ya koti.

"Tutapima alama za vidole."

"Kwenye parafujo utazikuta zangu. Kila siku nazifungua mimi."

"Na kwenye plastiki?"

Mwanamke alitoa mikono mfukoni.

"Ni mimi," alisema. "Juzi niliipima pacha yake. Ikapata moto mpaka ganda likayeyuka. Nilipoipasua nikakuta uzi wa madini umeota ndani, umetoboa hadi upande wa pili. Nikamwonyesha Profesa. Akaniambia nifunge mdomo mpaka wanunuzi wasaini."

"Ungemwambia mdogo wako."

"Nilimwambia. Akacheka. Akasema, dada, wewe unaogopa hata pasi."

"Kama ulitaka isitumike, mbona ukaifungua kwa utaratibu?"

"Mkono umezoea, afande. Miaka sita."

Profesa alisimama. "Umesikia, amekiri. Mchukueni. Nina betri ya akiba, maonyesho yako palepale."

Inspekta aliichukua kofia ngumu iliyokuwa juu ya kiti cha pikipiki, akamnyooshea Profesa.

"Dereva namhitaji kwa maelezo," alisema kwa upole. "Panda wewe."

Profesa aliitazama ile kofia. Kisha akavuta stuli, akaketi.

"Andika na maelezo yangu," alisema.