Chupa za Kwaya ya Mutheu

Jumamosi, 14 Machi 2026. Anga safi, bila wingu hata moja. Kufikia saa tatu asubuhi, mabati ya Kawangware yalikuwa yanachoma mkono.

Jasusi Wekulo alikuwa mbioni.

Mbele yake Kimotho, mfanyabiashara wa magendo, aliruka mtaro akiwa na katoni begani. Habari zilisema amebeba mafuta feki ya kujikinga na jua, anayapeleka Kibera.

Redio ya Motorola ikakoroma.

"Wekulo, ni Valerie. Niko kanisani Kisumu Ndogo, hapa Kibera. Umefika wapi?"

Akaipunguza sauti, akazidi kukimbia.

Valerie, aliyepandishwa cheo juzi. Valerie, ambaye bosi wao Ndegwa humsifu hata kwenye maombi ya ofisini. Leo lingetajwa jina moja tu: Wekulo.

Kimotho akajikwaa kwenye gunia la viazi. Wekulo akamrukia.

Pingu. Kwisha.

"Umenoa, buda, umekosea kabisa," Kimotho akacheka, vumbi mdomoni. "Hiyo ni mali safi."

Wekulo akamkokota hadi kibanda cha M-Pesa.

"Dada, niazime taa ya kukagua noti."

"Na usinivunjie," Jackie, mwenye kibanda, akasema.

Wekulo alipaka mafuta ya katoni kwenye karatasi nyeupe, akaimulika. Karatasi iling'aa buluu. Palipopakwa pakawa peusi tititi.

Halisi! Haya ndiyo mafuta ya Mutheu, mkemia mwenye ualbino: dondoo la majani chai na shubiri, pamoja na poda ya zinki. Majani hutuliza ngozi. Zinki huzuia jua, na hata mwanga wa taa ile. Feki ilikuwa maji ya majani matupu, bila zinki.

Basi Kimotho ameshabadilisha chupa. Ameiba halisi za kwaya kanisani, ameacha feki.

Saa tatu na dakika hamsini na nane. Saa nne kamili kwaya ya Mutheu, watu kumi na mmoja wenye ualbino, ingeandamana juani hadi Makina.

Valerie alikuwa hatua tatu kutoka kwao. Akiambiwa, ushindi ni wake.

Kidole kilikaa juu ya kitufe cha redio. Dakika moja. Mbili.

"Bwana, nisaidie," Wekulo akanong'ona.

Akabonyeza.

"Valerie, zuia kwaya! Chupa za hapo ni feki!"

"Wameshatoka langoni. Nawarudisha!"

Saa nne na nusu Wekulo aliingia kanisani na katoni, Kimotho akiwa na pingu mbele yake. Kwaya yote ilikuwa kivulini, ngozi salama. Watu wakampigia makofi Valerie. Wivu ukamchoma Wekulo tena.

"Na wewe, ndugu, simama utoe ushuhuda," Mutheu akamwambia. "Hapa kwetu hatupokei zawadi kimya kimya."

Wekulo akasimama, kofia mkononi.

"Nilijua chupa ni feki, nikanyamaza dakika mbili. Nilikuwa namwonea Valerie wivu."

"Ehe, maliza yote!" mama mmoja akapaza sauti. Watu wakacheka. Valerie hakucheka.

Wekulo akaivaa kofia, akaelekea mlangoni. Hapo akageuka.

"Mbele za Mungu na mbele yenu naahidi: nikiwa na neno la kumwokoa mtu, nitalisema hapo hapo, hata sifa zote zikienda kwa Valerie."