Mwanamke Aliyekataa Kubebwa

Jumamosi mchana, soko la ndani la mji wa Tampere lilikuwa limefurika. Kwenye foleni ya soseji nyeusi, Marjut, mshonaji wa mapazia, alirudi nyuma na kisigino cha buti lake kikatua juu ya kiatu cha mtu.

"Samahani, kaka!"

"Usijali, nina mguu mwingine," alijibu Jarkko, fundi wa lifti, mtalaka mwenye ndevu za kahawia.

Walikula meza moja. Baada ya hapo simu haikupoa.

"Umekula, malkia wangu?"

"Acha kunidekeza, nitanenepa."

"Nenepa tu. Nitapanua mlango."

Theluji ilipoanza kuanguka, asubuhi moja kazini, mkasi ulimponyoka Marjut. Alipoinama kuuokota, hakuinuka. Kiharusi kilikuwa kimemshika upande wote wa kushoto.

Jarkko alikuja hospitali kila siku. Alimlisha, akamvisha soksi, akambeba kutoka kitandani hadi kitini kama mtoto. Marjut alijiachia. Ndipo Saila, mtaalamu wake wa mazoezi, alipoketi kando ya kitanda chake.

"Sehemu ya ubongo iliyokufa hairudi," alisema. "Lakini zilizo hai zinaweza kujifunza kazi yake, mradi uzitume tena na tena. Jarkko akikubeba, hazijifunzi kitu."

Jioni Marjut alimpigia. Mdomo ulikuwa bado mzito.

"Jarkko... usije tena."

"Nimekukosea nini, mpenzi?"

"Usije. Tafadhali."

Alitaka kumweleza, lakini maneno yaligoma, kilio kikamzidi, akakata simu. Jarkko alibaki ameishika yake. Basi, amenichoka, akawaza. Hakupiga tena.

Majira yote ya baridi Marjut alijifunza kutembea. Alishikilia vyuma, akautupa mguu mbele, akaanguka, akatukana, akainuka. Saa za wageni, wenzake walipokumbatiwa, yeye aligeukia dirisha. Siku vidole vya mguu vilipomtii, Saila alipiga makofi. Marjut alijikuta anautazama mlango. Hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Alirudi kwake, nyumba ikiwa baridi na kimya. Alipika kahawa ya kikombe kimoja. Ng'ambo ya mji, Jarkko alikuwa anakula amesimama kwenye sinki, maana meza ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja.

Theluji ilipoyeyuka, Marjut alishindwa kuvumilia, akapiga simu.

"Jarkko, nilisema usije. Sikusema usinipende."

Sauti iliyokwaruza ikajibu: "Nilidhani umenichoka."

"Nilichoka kubebwa, mjinga wewe!"

"Mbona hukusema?"

"Mdomo ulikataa. Baadaye nikaona aibu. Na wewe, kweli ulishindwa hata kuniuliza?"

"Niliogopa jibu."

Walikutana uwanja wa stesheni. Marjut alishuka kwenye tramu na mkongojo, gauni la buluu, viatu bapa. Mguu wa kushoto ulichelewa, ukajiburuta, akayumba. Jarkko alimkimbilia.

"Simama hapo hapo! Usiniguse!"

Watu waligeuka. Jarkko akasimama, akimtazama mwanamke wake anavyopigania kila hatua katikati ya wapita njia wenye haraka. Ilikuwa safari ndefu kuliko uwanja wenyewe. Alifika, jasho likimtiririka shingoni, akauachia mkongojo uanguke.

"Haya," alisema akihema. "Sasa nishike. Na usidhani ni kwa sababu naanguka."