Jina Alilolitaja Sufiani

Jumatatu mlango ulimkataa Mwanahawa. Alitoka sokoni na kapu la nyanya, ufunguo ukazunguka vizuri, lakini alipousukuma mlango, nao ulisukumwa kutoka ndani, taratibu, kama na mtu aliyeuegemea kwa bega. Ndani hakukuwa na mtu.

Mumewe, Sufiani, aliporudi aliufungua kwa kidole.

"Umevimba kwa mvua," alisema, bila kumtazama mkewe.

Alijua vizuri kuwa si mvua. Mwaka ule, baada ya mto kuingia kwenye nyumba za mtaa wao wa Bigwa, ada ya bima ya nyumba ilipanda mara tatu. Sufiani alizunguka kwa mawakala siku nne akitafuta nafuu. Kila aliyesikia Bigwa alitikisa kichwa. Aliona haya kurudi mikono mitupu. Akamdanganya mkewe kuwa amelipa, kisha akapanda milimani Mgeta kwa Mzee Kibwana, mganga, ili nyumba izindikwe. Rahisi inavunja upishi, naye alilijua hilo tangu utotoni.

"Nitakuwekea jini mlinzi," Kibwana alimwambia. "Hajui sura za watu. Anashika jina la mwenye nyumba. Nipe jina."

Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Kiwanja kilikuwa cha bibi yake Mwanahawa, na kuta zilisimamishwa na wajomba zake. Sufiani alikaribishwa tu. Lakini angewezaje kulitamka hilo mbele ya mwanaume mwenzake? Akataja jina lake mwenyewe.

Jumatano zilisikika nyayo darini. Ijumaa alasiri, Mwanahawa akiwa jikoni, ilitanda harufu ya ubani na udongo uliofukuliwa, kisha vidole asivyoviona vikamkamata shingo, vikamburuta sebuleni, vikampitisha mbele ya Sufiani aliyekaa kitini mdomo wazi asiweze hata kuinuka, vikamtupa uani, na ukutani ikasikika sauti ya Sufiani mwenyewe ikisema, "Mwizi huyo."

"Baba Yasmin," Mwanahawa alinong'ona, "umetuletea nini?"

Kibwana aliitwa siku ya pili. Akataka na Mjomba Hatibu, mkubwa wa ukoo wa Mwanahawa, awepo.

"Dawa ni ulimi wako," alimwambia Sufiani. "Sema kweli, wenyewe wasikie."

Sufiani alitamani ardhi immeze. "Shikamoo, mjomba. Nilidanganya. Bima sikulipa. Na nyumba hii nilisema yangu. Si yangu, ni ya Mwanahawa."

Hatibu hakuitikia. Alitazama chini, na hilo lilimuumiza Sufiani kuliko tusi.

Ndani kitu kizito kilihema, kikatulia.

"Jini hajaondoka," Kibwana alisema kwa sauti ya chini. "Amebadili bwana tu. Mama, sasa anakusikiliza wewe. Wataje wote unaowaruhusu kulala humu."

Mwanahawa akamtaja Yasmin. Akamtaja Hamza, kitinda mimba wake. Akamtaja mama yake, na Mjomba Hatibu. Sufiani alisimama pale uani, kofia mkononi, akisubiri.

Mwanahawa alijipapasa shingo, penye alama za vidole.

"Basi, mzee," alimwambia mganga. "Ni hao."