Zulia la Bi Mwanamvita

Kulipopambazuka, Mwajuma alikuwa tayari bombani. Ndoo ndizo zilizopanga foleni. Wenyewe walikaa pembeni, wamejifunika khanga kwa sababu ya upepo, wakipigiana miayo. Maji yalitoka kidogo kidogo, kana kwamba bomba nalo halikulala vizuri. Akitoka bombani, Mwajuma alikimbia shule. Akitoka shule, alirudi bombani. Alikuwa msichana wa darasa la sita tu, lakini ukimwona anavyotua ndoo na kushika kiuno, ungedhani ana wajukuu.

Mama yake, Mama Fatu, alikuwa na foleni yake nyingine. Miaka ile sabuni ilipotea madukani. Leo utasikia imeletwa duka la ushirika, kesho utasikia imeishia njiani, na siku zote mbili Mama Fatu alisimama juani na kapu lake na kurudi nalo jepesi vilevile. Ng'ambo ya mpaka, kule Nakonde upande wa Zambia, sabuni ilikuwepo. Lakini kuivusha kulikuwa magendo, na Mama Fatu hakutaka mambo hayo.

"Nizifue nguo kwa sabuni ya magendo, halafu nikazivae rumande?" alisema.

Kwa hiyo watu walifulia majani ya mpapai. Ukiyaponda na kuyafikicha ndani ya maji, hutoa povu kidogo. Sare za shule zilitakata kiasi cha kumridhisha mwalimu wa zamu, hasa mwalimu asiyeona vizuri.

Katikati ya uchovu wote huo, mtaa ulikuwa na kitu kimoja cha kujivunia: zulia. Lilikuwa moja tu, mali ya Bi Mwanamvita, mjane aliyekuja Tunduma zamani kutoka Kilwa pamoja na mume wake mfanyabiashara. Lilikuwa la rangi ya maziwa, lenye maua mekundu pembeni. Yeye mwenyewe alilikalia kwa nadra, maana halikukaa nyumbani. Pakiwa na harusi, lilikwenda. Pakiwa na maulidi, lilikwenda. Hata familia za Kikristo kutoka Mbozi, zilizokaa upande wa pili wa barabara, ziliazima zulia hilo kila mchungaji alipowatembelea. Shaban, kaka yake Mwajuma, alisema zulia lile limeingia nyumba nyingi kuliko balozi wa nyumba kumi.

Sharti la Bi Mwanamvita lilikuwa fupi: lirudi kama lilivyokwenda. Aliyelirudisha chafu hakuliona tena, yeye wala ndugu zake.

Wiki hiyo ilikuwa zamu ya nyumba ya akina Mwajuma. Dada yao mkubwa, Fatu, alikuwa anaposwa. Wazee wa upande wa mwanamume walikuwa waje Jumapili kutoka Mlowo, na ndani ya nyumba palikuwa na viti viwili na benchi lenye mguu mmoja mgonjwa. Wageni kama hao huwakalishi kwenye mkeka uliotoboka. Mama Fatu alikwenda kwa Bi Mwanamvita, akaahidi, akarudi na zulia limeviringishwa na kufungwa kwa kamba ya katani. Akaliweka juu ya benchi.

"Asiliguse mtu," alisema. "Hata kwa macho."

"Sasa, mama, tukipita hapa tufumbe macho?" Shaban aliuliza.

"Upite nje, wewe."

Ijumaa baada ya shule, Mama Fatu alikuwa foleni, Fatu alikuwa kwa fundi cherehani, na Shaban alikuwa mahali anapokuwaga Shaban kukiwa na kazi. Mwajuma alirudi na ndoo, yuko hoi. Rafiki yake Tabita, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa amekuja kumsindikiza. Mwajuma akachemsha chai ya rangi, nzito, isiyo na sukari, maana sukari nayo ilikuwa na foleni yake. Wakakaa sakafuni wakilitazama zulia.

"Hivi likoje ndani?" Tabita aliuliza.

"Laini. Ukilikalia, miguu inasahau kuchoka."

"Basi tulikalie kidogo. Miguu yangu ina mengi ya kusahau."

Mwajuma alijua kabisa kwamba haifai. Lakini miguu yake nayo ilikuwa na kumbukumbu nyingi. Akafungua kamba, zulia likatandazwa, na mara wakawa wakwe kutoka Mlowo.

"Hodi, hodi, tumekuja kuomba ng'ombe wa maziwa!" Tabita alisema kwa sauti nzito ya kizee.

"Karibuni. Ila ng'ombe wetu amesoma mpaka darasa la saba."

"Basi huyo atatuhesabia hata maziwa yenyewe!"

Mwajuma akacheka huku ameshika kikombe. Kicheko na chai ya moto havikai pamoja. Kikombe kiliinama, na chai yote ikamwagika katikati ya ile rangi ya maziwa. Ikatambaa taratibu, kahawia, bila haraka yoyote.

Waliitazama mpaka ikakoma. Halafu Tabita akasimama. "Majani ya mpapai! Nyumbani tunayafulia kila kitu."

Kama wangekuwa na sabuni, pengine wangeharibu kidogo. Kwa kuwa hawakuwa nayo, waliharibu vizuri. Waliponda majani ya mpapai, wakamwaga maji yake juu ya doa, kisha Mwajuma akachukua gunzi la hindi, lile wanalosugulia sufuria, akasugua kwa nguvu zote zilizobaki mwilini mwake. Walipoacha, lile doa la kahawia lilikuwa limepata mwenzake wa kijani. Kubwa zaidi. Tena nyuzi za zulia zilikuwa zimesimama kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa.

"Sare huwa haifanyi hivi," Tabita alisema kwa sauti ndogo.

"Sare yako ni ya bluu, Tabita! Ukijani wake utauonea wapi?"

Wakaliviringisha likiwa bichi, wakalifunga, wakalirudisha juu ya benchi. Tabita akakumbuka ghafla kwamba anaitwa kwao.

Jioni Shaban alipita, akaitazama kamba. "Fundo hili kafunga mama, au kafunga mbuzi?"

"Kwani umekuwa karani wa mafundo?" Mwajuma alimjibu kwa ukali. Shaban akacheka akaenda zake. Mwajuma hakucheka. Usiku ule alilala mwili umechoka, moyo uko macho. Aliweka matumaini yake kwenye jambo moja la kijinga: kwamba huenda doa likikauka litapotea lenyewe.

Jumamosi Mama Fatu alirudi kabla ya adhuhuri. Vumbi la malori lilikuwa limemfika mpaka kwenye kope. Alitoa kwenye kapu kipande cha sabuni kisichozidi kiganja, akakiweka mezani, akavua viatu na kukaa huku ameegemea ukuta.

"Nimesukumwa, nimekanyagwa, nimetukanwa na mtu nisiyemjua," alisema. "Baba yenu yuko na lori huko Zambia, sijui atafika kesho au hatafika. Mchele sijaupata wote. Wiki hii, Mwajuma, kitu kimoja tu kimeninyookea. Lile zulia. Nikilitazama hapo juu ya benchi, napumua."

Mwajuma alikuwa ameshika jagi la maji ya kumnawisha mama. Akaliweka chini. Laiti mama angekuwa mkali siku ile, pengine mtoto angenyamaza. Lakini mama alikuwa amefumba macho, anapumua kwa ajili ya zulia lenye doa la kijani.

"Mama, usipumue," Mwajuma alisema.

"Nini?"

"Zulia lina doa. Nililifungua jana. Nilimwaga chai. Halafu nikaweka majani ya mpapai, nikalisugua kwa gunzi, halafu nikalificha."

Mama Fatu alifumbua macho. Akainuka, akafungua lile fundo la mbuzi, akatazama. Akazigusa zile nyuzi zilizosimama. Kisha akakaa tena palepale.

"Nilimpa Bi Mwanamvita neno langu," alisema. "Mimi sina nguvu ya kwenda kumwambia. Wewe unazo, si uliweza kusugua? Nenda. Umwambie mwenyewe kama ulivyoniambia mimi, usipunguze kitu."

Nyumba ya Bi Mwanamvita haikuwa mbali, ila siku ile ilikuwa kama imehamia mbali. Mwajuma alimkuta bibi uani, anakata ndimu na pilipili za achali. Ndiyo biashara iliyomlisha. Madereva wa malori waliinunua kwa ajili ya ugali wa safari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso kama umepoteza ndoo?"

Mwajuma akasema yote, mpaka gunzi. Kwenye gunzi Bi Mwanamvita aliacha kukata.

"Gunzi! Zulia langu limekuwa sufuria? Sasa wee mtoto, ungekosa gunzi ungeleta jembe?" Alifuta mikono, akasimama kwa kuugulia magoti. "Na hiyo chai imemwagika lini?"

"Jana, bibi."

"Jana. Likalala na ubichi usiku kucha, na hilo jani juu yake. Haya. Chukua hiki chungu, na ukikimwaga hiki usirudi tena kunisimulia."

Ndani ya chungu mlikuwa na siki. Bi Mwanamvita aliitengeneza mwenyewe kwa ndizi mbivu zinazotoka Ileje: aliziloweka, akaziacha zichachuke, akachuja, akaisubiri tena mpaka iwe kali ya kuchoma pua. Siku zote ilikwenda kwenye achali. Leo ilikuwa na safari nyingine.

Alipofika nyumbani kwa akina Mwajuma na kuliona doa, Bi Mwanamvita alilizunguka kama mtu anayekagua ajali barabarani. "Shamba hili mmepanda nini?" aliuliza. Mama Fatu alitaka kuomba radhi, lakini bibi akamkatiza: "Wewe kaa, mama. Umechoka, naona. Aliyelima ndiye atakayevuna."

Mwajuma akaleta kipande cha sabuni. "Bibi, tunayo sabuni kidogo."

"Irudishe hiyo, mkanawie watu. Sabuni ukiitia humu, utaosha povu mpaka Idi."

Akamwonyesha kazi. Siki ichanganywe na maji safi, nusu kwa nusu. Kwanza ijaribiwe pembeni, kwenye ua moja jekundu, mahali pasipoonekana, ijulikane kama rangi haitoki. Halafu kitambaa cheupe, si cha rangi, kisije kikaleta doa lake. Kitambaa kichovywe, kikamuliwe, kisha kibandikwe juu ya doa na kubanwa kwa kiganja. Kibanwe, kisisuguliwe. Kuanzia ukingoni kuja katikati, ili doa lisitanuke.

"Bana. Inua. Geuza kitambaa, bana tena," bibi alisema. "Doa linahama kutoka kwenye zulia kuja kwenye kitambaa. Usilitishe, halisikii matusi."

Mwajuma alibana. Mabega yakamuuma. Siki ikamtoa machozi, naye akashukuru, maana aliyokuwa nayo kabla yake hayakuonekana tena. Kahawia ya chai ilianza kutoka. Ukijani wa mpapai ndio uliogoma. Ilibidi aache siki ikae kidogo, abane, aisuuze kwa maji baridi, arudie. Shaban alitumwa bombani mara nyingi kuliko alivyozoea, na kila akirudi aliuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?"

Hatimaye mgonjwa akapona. Bi Mwanamvita akazilaza zile nyuzi kwa vidole, kama mtu anayemchana mtoto nywele. Mahali pale pakawa peupe kabisa.

Hapo ndipo tatizo lilipoonekana.

Zulia lile lilikuwa limekaliwa na mtaa mzima kwa miaka mingi. Maziwa yake, kumbe, yalikwisha kuwa chai ya maziwa bila mtu kujua. Sasa katikati palikuwa na duara jeupe linalong'aa kama mwezi, na zulia lote lililobaki limefubaa kwa hasira kando yake.

"Bibi," Mwajuma alisema polepole, "sasa doa ni pale pasafi."

Bi Mwanamvita alitazama, akatazama tena, akacheka mpaka akashika ukuta. Mama Fatu naye akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka ambacho hakina breki.

"Basi mwanangu," bibi alisema, "bado una zulia lote."

Walilifanya lote. Mama Fatu alishika upande mmoja, Mwajuma mwingine, na Tabita, aliyechungulia mlangoni kwa bahati mbaya, alipewa kitambaa kabla hajapata udhuru. Jua lilikuwa linashuka walipolianika nyuma ya nyumba, mbali na vumbi la malori. Upepo wa Tunduma, ambao watu waliulaani kila asubuhi bombani, ulilikausha mpaka kesho yake.

Jumapili baba alifika, amechoka kuliko lori lake. Wazee kutoka Mlowo nao walifika, wakavua viatu, wakakaa. Mzee mmoja alivuta pua kidogo.

"Nasikia harufu ya achali," alisema.

"Nyumba hii mtapikiwa vizuri," alidakia Bi Mwanamvita, aliyekuwa amekuja kusaidia kupokea wageni. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na mazungumzo yakaendelea. Posa ya Fatu ikapokelewa.

Wageni walipoondoka, Mwajuma alikuwa amesinzia ameegemea mlango. Bi Mwanamvita alimgusa bega.

"Sikia, mwanangu, kisha ulale. Kila nyumba mtaani imewahi kumwaga kitu juu ya zulia hili. Mchuzi, uji, hata dawa ya kikohozi. Aliyenijia palepale, tulibana mara chache, likaisha. Wewe ungenijia juzi likiwa bichi, kazi yako ingekuwa ya ukubwa wa kikombe. Ukalificha doa usiku mmoja tu, kazi ikawa ya ukubwa wa chumba. Siki inatoa chai. Uongo inabidi uutoe wewe mwenyewe, na ukichelewa unautoa kwa mgongo."

"Nimesikia, bibi."

"Lakini ulikuja kwa miguu yako na hukupunguza kitu, hata gunzi. Kwa hiyo litaendelea kuja nyumba hii." Akampa kamba ya katani. "Lifunge wewe. Na kuanzia leo, anayetaka kuliazima nitamwambia akuchukue na wewe, ulitandike na kulikagua kabla halijarudi."

Mwajuma aliviringisha zulia, akalifunga, akavuta fundo mara mbili. Shaban alisogea, akaliinamia kwa makini.

"Hili amefunga mtu," alisema.

Mwajuma alikuwa ameshaelekea kitandani. Kesho alfajiri palikuwa na ndoo.